Msaipresi wa Langoni

Hii aibu mke wangu Wangari huisimulia kila tukipata wageni, kwa hivyo heri niiseme mwenyewe, maanake yeye huongeza chumvi.

Tulipohamia Gitothua, mama mkwe alitutumia miche mitatu ya msaipresi kutoka kwake Limuru kwenye baridi, ile miti watu huweka ndani ya nyumba wakati wa Krismasi, akasema tuipande langoni ndio binti yake asisahau kwao. Sasa mimi ni mtu wa Kakamega, na kwetu hata ukichomeka mpini wa jembe unamea, kwa hivyo nikaipanda kwa lile jua la Januari, bila kivuli, bila nyasi ya kufunika udongo, nikarudi zangu kazini Thika. Kufikia Pasaka vilikuwa vijiti. (Tuliwashia jiko, kama nitasema ukweli.)

Shida ni kwamba mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Anauliza watoto, halafu anauliza miti. Na mimi, mtu wa kutoka mbali aliyechukua binti yake, ambaye ilinichukua miaka kumfanya aniamini, ningemwambiaje? Nikasema, "Imenawiri, mama." Jumapili nyingine, "Imefika kiunoni." Ikifika Novemba ilikuwa imepita ukuta, mpaka mimi mwenyewe nashangaa vile inakua haraka.

Desemba akasema anakuja na akina mama wa kanisa lake kuombea nyumba.

Woi! Ningekiri hapo, yangeisha. Badala yake nikaenda kwa wale wanauza miti ya Krismasi kando ya barabara, nikachagua mitatu mirefu iliyokatwa asubuhi hiyo, nikaichomeka langoni na kuishindilia kwa udongo na mawe. Hata nikaimwagilia maji, majirani waone. Wangari aliniangalia tu akasema, "Mimi simo."

Wageni wakafika, mama akaona miti, akafurahi mpaka machozi. Baada ya chai akasema tuombe pale pale langoni, tukashikana mikono, mimi kando yake (kwetu mama mkwe hata hamsalimiani kwa mkono, lakini hapo ningekataaje?), naye mkono ule mwingine akashika shina la mti, akaanza kumwambia Mungu huyu mkwe wangu mtie mizizi kama huu mti, asitikisike, na vile mama huomba kwa nguvu, akautikisa, mti ukatoka wote. Nikafungua macho nikamkuta ameubeba, chini umekatwa kwa panga, safi kabisa.

"Amina," mmoja wa akina mama akasema, kwa mazoea.

Mama hakupiga kelele. Akauegemeza kwa ukuta polepole, akanigeukia.

"Baba Nekesa, mti kufa si kosa. Lakini kila Jumapili nikiuliza watoto unaniambia wako sawa. Hiyo nayo niamini?"

Niliona haya mpaka chakula kikanishinda, na hiyo haijawahi kutokea.

Mwaka huu alituma mingine. Nimeipanda wakati wa mvua, nimeifunika kwa nyasi, nimeiwekea neti ya kivuli. Juzi mmoja ukaanza kugeuka manjano, nikampigia simu hapo hapo, na haikuwa hata Jumapili.

"Mama, mmoja unakauka."

"Na watoto?"

"Nekesa ana homa."

"Haya," akasema. "Hiyo naamini."