Valvu ya Kulia

Baba alistaafu bandarini, alikokuwa akiendesha winchi, akarudi nyumbani kwetu Temeke na vitu viwili: kiwiko kisichonyooka na amplifaya ya valvu aliyoachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarejea kwao. Valvu ni zile taa za kioo zilizokuwemo kwenye redio za zamani. Amplifaya hii ilikuwa na nne kubwa, mbili za kushoto na mbili za kulia, zimesimama wazi juu ya bati na kuwaka rangi ya chungwa. Baba alisema sauti yake ina nyama. Mama aliiita jiko.

"Mzee, jiko lako linatuunguza sebule nzima," alikuwa akimwambia, na kwa joto la Januari hakuwa anatania.

Masika moja, nguo zikiwa hazikauki, Mama alianika kitambaa cha kufutia vyombo kwenye kiti karibu na jiko hilo. Alasiri Baba akaweka santuri ya dansi. Mie nilikuwa mezani nasahihisha mitihani ya kemia ya kidato cha pili. Ndani ya valvu moja ya kulia, kile kibati cha katikati kikaanza kuwa chekundu, kikakolea kama kaa la moto, spika ikanguruma, kisha kimya. Fyuzi imekatika.

Baba alikitazama kitambaa.

"Umeidondoshea maji," alimwambia Mama.

"Kitambaa kiko kwenye kiti."

"Tone linaruka."

"Mbona kioo hakijapasuka?"

"Kimepasuka kwa ndani."

Mama akanigeukia mie, mwalimu wa sayansi. Nikasema habari za kioo cha moto kupasuka kwa maji baridi zinawezekana. Sentensi hiyo naijutia mpaka leo.

Niliagiza valvu nyingine kutoka nje. Ilifika baada ya wiki sita, ikapiga siku tisa, ikawa nyekundu, ikafa palepale ilipofia mwenzake. Baba alieleza kwamba unyevu wa kile kitambaa ulibaki kwenye soketi. Nikaagiza ya tatu, na safari hii nikamwandikia muuzaji barua ndefu kuhusu ubora wa bidhaa zake. Alinijibu kwa upole, akauliza kama nimeipima amplifaya yenyewe. Nilimwona mjanja.

Valvu ya tatu ilikuja na sheria: amplifaya ikiwaka, Mama haingii sebuleni. Mama aliitii sheria hiyo kwa namna ya kutukomoa. Akitaka kwenda mbele, alizunguka nyumba kwa nje. Wageni aliwasalimia dirishani, na wakimuuliza mbona hakai nao, anajibu, "Mie naharibu mitambo." Baba naye alishawasimulia wenzake wanaocheza drafti kwenye kibaraza cha kinyozi, kwa hiyo mtaa mzima ulijua. Jirani mmoja alimwazima Mama pasi, lakini kwanza akamwangalia mikono kama ni mikavu. Mama aliirudisha pasi ile bila kuitumia. Siku hiyo hakula na sisi.

Kisha dada yake akaugua, Mama akaenda kumuuguza Gongo la Mboto. Siku ya tatu ya safari yake, valvu ikawa nyekundu na kufa.

"Mama hayupo," nilimwambia Baba.

Alifikiri kidogo. "Labda alipita kabla hajaondoka."

Nikaifunga amplifaya kwa kanga mbili, nikachukua bajaji mpaka Upanga, kwa mzee mmoja Mhindi aliyekuwa fundi redio tangu ujanani na sasa anafanyia kazi kwenye chumba cha mbele nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yote, kitambaa kikiwemo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo lililonitia wasiwasi.

Alibadilisha fyuzi, akachomoa valvu moja nzima ya kushoto, akaichomeka kule kulia walikofia wenzake. Akawasha. Tukakaa. Baada ya dakika chache kibati kikaanza kuiva. Akazima haraka.

"Kushoto ilikuwa nzima," alisema. "Kulia inaungua. Sasa mgonjwa ni valvu?"

Nafundisha watoto kila mwaka kwamba ukitafuta chanzo, unabadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo.

Aliipindua amplifaya, akanionyesha kitu kinacholingana na karanga. "Kapasita. Kazi yake kupitisha muziki na kuzuia umeme mkubwa. Imezeeka, inavujisha umeme, valvu inalazimishwa kupita uwezo wake mpaka inajiunguza. Ungeleta valvu kumi, zote zingekufa. Mama yako hahusiki."

Akaweka kapasita mpya pande zote mbili, akanitafutia valvu kwenye boksi lake, na ile kapasita mbovu akanifungia kwenye karatasi. "Mpe mzee wako aione," alisema.

Jumamosi Mama alirudi. Baba alimkuta uani anachagua mchele.

"Ilikuwa kapasita," alisema.

Mama hakuinua kichwa. "Ndiye nani huyo?"

"Kifaa. Kidogo tu. Kinakaa chini."

"Kwa hiyo si mie."

"Si wewe."

"Mie nilikuwa najua. Nenda kawaambie wasiojua."

Baba aliingia ndani akavaa kanzu yake ya Ijumaa. Nilimfuata mpaka kwa kinyozi. Alisimamisha mchezo, akaweka kapasita katikati ya ubao wa drafti, akaeleza ilikokaa na ilichofanya. Mmoja akaishika, akaipitisha kwa mwenzake. Mwingine akauliza kama sasa shemeji anaruhusiwa kuingia sebuleni kwake.

"Anaruhusiwa," alisema Baba. Kisha akaongeza, "Nilimwonea."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuelezea kapasita, ila kile kiwiko kibovu alikuwa amekishika kwa mkono wa pili.

Jioni ile Mama aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi karibu kabisa na spika ya kulia. Baba akamuuliza anataka kusikia nini. Akachagua taarabu, santuri waliyonunua kabla sijazaliwa. Alisikiliza upande mzima, mikono mapajani.

"Kumbe huyu mama anayeimba anavuta pumzi kabla ya kila ubeti," alisema ilipokwisha. "Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akipumua."

Baba akainuka, akaigeuza santuri upande wa pili.