Mashine Yetu Ilivyouzwa Mara Tatu Juu ya Ngaramtoni

Niseme mapema, kabla wenzangu wa mtaani kwetu Lemara hawajanisemea: wazo la safari hii lilikuwa langu. Kikundi chetu cha vijana kilikuwa kimechanga miaka miwili ili twende Zanzibar. Watu walishanunua kofia za jua. Mimi Aikande, mwenyekiti, muuza misumari na mabati dukani kwa shangazi, nikasimama kikaoni nikasema Zanzibar haiendi popote, fedha ile tuiwekeze kwenye kazi ya vijana wenzetu, jamii inufaike na sisi tupate chochote. Wiki nzima walininunia. Mwishowe wakakubali kwa sharti moja: jambo likiharibika, najiuzulu, nampigia magoti kila mwanachama, na neno "kuwekeza" halitatamkwa tena kwenye kikao. Kujiuzulu nilikuwa tayari. Kumpigia magoti Happy, aliyenunua kofia mbili, sikuwa tayari hata kidogo.

Neno lenyewe tuliletewa na Godlisten, katibu wetu, aliyehudhuria semina ya siku mbili maeneo ya Makumira. Kabla ya semina alikuwa anasema "hela". Baada ya semina akawa anasema "mtaji wenye tija kwa jamii", hata akiwa anaomba nauli.

Wa kuwekeza naye tulishampata. Naserian ni binti anayeshusha mayai ya kienyeji Lemara kutoka kijiji kimoja juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Yeye na wenzake tisa wanafuga kuku, ila kila kuku akiatamia, kicheche anakuja kumla mama pamoja na mayai. Nilipomwambia tunataka kuwasaidia, alikunja uso.

"Msaada sitaki, dada Aika. Anayesaidia anapiga picha, anaondoka. Mimi nataka mtu wa kuingia naye kazini."

Basi tukanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai sitini. Godlisten akaandika mkataba wa kurasa nne, na mstari wake wa kwanza ulisema mashine ni mali ya vijana wa Lemara, na kina Naserian watagawiwa umiliki kidogo kidogo. Naserian akatuambia twende Jumapili, saa saba mchana, baada ya ibada, watu wote watakuwepo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Lemara. Tulikodi kirikuu ya Baba Jose, kigari kidogo cha mizigo ambacho kikipanda mlima kinaimba. Nilimkuta Godlisten ameshaipakia mashine, ameivisha kitenge na kuifunga utepe mwekundu kama keki ya kipaimara. Chini yake ilikuwepo betri ya gari, na taa ya mashine ilikuwa inawaka.

"Kwa nini imewashwa?" nikauliza.

"Ina mayai."

"Mayai ya nani?"

"Ya kwetu. Niliyaweka wiki tatu zilizopita chumbani kwangu. Leo ni siku ya ishirini na moja, Mwenyekiti. Tukifika tu, faida inaanguliwa mbele ya macho yao!"

Nilitaka kumpiga, lakini alikuwa amevaa suti. Ikabidi tuondoke saa hiyo hiyo badala ya saa nne, maana vifaranga hawasubiri ratiba ya kikao.

Saa moja na nusu, njiani Sakina. Meru ulikuwa umejitoa mawinguni wote, mweupe kidogo kileleni, na mimi sikuuona vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kirikuu nimeikumbatia mashine isirukeruke. Kila tuta Baba Jose alilipita kana kwamba ana ugomvi nalo. Godlisten alikuwa mbele, amefungua kioo, akinipigia kelele niangalie nyuzijoto.

Saa mbili na nusu, Ngaramtoni. Betri ikafa. Taa ilizimika palepale katikati ya wauza vitunguu na wenye mbuzi. Nilivua khanga yangu, Godlisten akavua koti la suti, tukaifunika, kisha akapanda nyuma tukaikumbatia pande mbili. Mama mmoja muuza vitunguu alitusogelea kwa huruma.

"Poleni jamani. Ni mgonjwa?"

"Ni mayai, mama."

Alitazama khanga na koti la suti, akasema tena, "Poleni."

Saa tatu, kanisani, kijijini kwa kina Naserian. Palikuwa mahali pekee penye umeme ambapo Baba Jose aliona waya unaingia. Mlangoni alisimama mzee wa kanisa mrefu, ameshika fimbo, jina lake Mzee Loishiye. Nilimsalimu huku nahema.

"Shikamoo, mzee. Samahani, kuna umeme?"

"Marahaba, binti. Umeme upo. Soketi ni moja tu, pale mbele, karibu na madhabahu."

Hapa ndipo ninapostahili lawama, na ninaipokea. Mimi ni mtoto wa Walutheri. Tangu nikiwa mdogo kule Machame nimepeleka ndizi mbele ya kanisa kila Jumapili ya mavuno, na ninajua sheria ambayo haijaandikwa popote: siku hiyo kinachofika mbele ni sadaka, hata kama kimepotea njia. Niliona mikungu ya ndizi. Niliona magunia ya mahindi, maboga, kibuyu cha maziwa na kondoo aliyefungwa kwenye mguu wa benchi. Lakini akilini mwangu mlikuwa na mayai sitini tu.

Tukaibeba mashine katikati ya kanisa, kwaya ikiwa inaimba, tukaiweka baina ya boga na mkungu wa ndizi, tukachomeka. Taa ikawaka. Kanisa zima likapiga vigelegele. Godlisten, badala ya kuona aibu, akapunga mkono.

Mchungaji alishuka, akaitazama mashine na utepe wake, macho yakamlegea. "Vijana wa Lemara," akasema, "wametoka mjini, wameacha anasa, wametuletea matunda ya kazi zao." Akaiwekea mikono, akaiombea. Naserian alikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza. Alipouona utepe ule akatoka kwenye wimbo na hakurudi tena.

Saa tano na nusu, nje ya kanisa. Naserian alinivuta nyuma ya tangi la maji.

"Dada Aika, mmefanya nini?"

"Tumechomeka tu!"

"Mmetoa. Itauzwa mnadani sasa hivi na vitu vingine vyote."

"Basi nenda kamwambie mchungaji."

"Nenda wewe. Si wewe ndiye mwekezaji?"

Hakuna aliyekwenda. Naomba msomaji asitucheke. Kitu kimeombewa, watu wamepiga vigelegele, wewe uende kusema samahani, tulikuwa tunachaji? Niliwaza magoti yangu na kofia mbili za Happy, nikabaki nyuma ya tangi.

Saa sita, mnada uwanjani. Dalali alikuwa Mzee Loishiye yuleyule, na ile fimbo sasa ilikuwa ya kazi. Boga lilikwenda kwa bei ya mbuzi. Baba Jose, aliyekuja kama dereva tu, alipandwa na roho ya mnada akanunua mikungu mitatu ya ndizi kwa fedha ya mafuta ya kurudia. Kisha mashine ikatolewa nje na waya wake mrefu, ikawekwa juu ya meza.

Mwalimu Mollel, mstaafu, alitaja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Fimbo ikagonga meza. Naserian alimwendea akamnong'oneza kwamba ile mashine ilikuwa yao, yeye na wenzake, naye akatabasamu, akampapasa kichwa. Nilikaribia kulia kwa furaha. Mwalimu akaukabili umati, akanyoosha mkono juu.

"Nimeguswa sana na vijana hawa. Kwa hiyo nairudisha! Iuzwe tena, kwa utukufu!"

Vigelegele. Desturi hiyo naijua pia, na siku zote nimeipenda. Mtu ananunua yai, analirudisha, linauzwa tena, na yai moja linaweza kuezeka kanisa. Siku hiyo niliichukia.

Mara ya pili tulinunua wenyewe. Mimi na Godlisten tulikung'uta mifuko, tukatoa akiba ya simu zote mbili, tukaongeza noti niliyokuwa nimeificha ndani ya kiatu. Fimbo ikagonga. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Loishiye akapaza sauti, "Na wageni wetu wameirudisha!" maana mgeni gani atanunua sadaka aliyoileta mwenyewe kisha aondoke nayo? Vigelegele vikazidi. Godlisten akapunga mkono tena. Nikaukamata nikaushusha.

Na hapo ndipo mashine ilipoanza kulia. Piu, piu. Umati ukasogea. Mzee Loishiye akainama kwenye kioo.

"Wametoka wawili," akatangaza. "Watatu! Haya, sasa mnanunua mashine au mnanunua familia?"

Bei ikapaa. Alijitokeza mtu mwenye gari jeupe, mgeni wa nyumba moja pale kijijini, aliyekuwa kimya tangu asubuhi. Huyu hakuwa na sura ya kurudisha kitu. Alikwisha fungua buti la gari.

Naserian akapanda juu ya kiti.

"Sisi vijana wa hapa tunanunua!"

"Kwa kitu gani?" akauliza mzee.

"Debe mbili za maharage!" Mwenye gari akapita juu. Kijana mmoja mrefu, Lomayani, akapiga kelele, "Ongeza beberu wangu!"

"Si ulisema beberu ni wa harusi yako?"

"Harusi itangoja!" Sauti ya msichana mmoja ikasikika nyuma, "Itangoja mpaka lini?" na watu wakacheka, lakini beberu akahesabiwa. Mwenye gari akapita tena. Naserian akawatazama wenzake tisa. Nilijua hawana kitu kingine.

"Debe mbili, beberu, na kuku ishirini Krismasi," akasema. "Wakubwa. Tunawaleta wenyewe hapa mbele."

Mzee Loishiye alimgeukia mwenye gari jeupe. "Wewe, Krismasi utakuwepo?"

"Nitakuwa Dar."

Fimbo ikagonga meza mpaka vifaranga wakaruka. Umati ukashusha pumzi, ukasubiri lile neno la desturi. Naserian akalisubirisha kidogo, akawatazama wote, mchungaji akiwemo.

"Na haturudishi!"

Mchungaji akamtazama Mzee Loishiye, mzee akaitazama fimbo yake. Halafu Mwalimu Mollel akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno, na mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya siku ile. Nililia. Sikujificha nyuma ya tangi, nililia palepale.

Saa nane, nyumbani kwa kina Naserian. Tulikula loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, bakuli hadi bakuli. Vifaranga walikuwa arobaini na mmoja: arobaini kwenye boksi, mmoja ndani ya kiatu cha Godlisten. Mwenyewe akakohoa, akatoa mkataba wake wa kurasa nne. Naserian akasoma mstari wa kwanza, akaomba kalamu, akaukata.

"Mashine ni yetu. Tumeinunua mbele za watu na beberu ameshaondoka." Akaandika juu yake, pole pole. "Vifaranga hawa wa leo ni wenu, mayai mlitoa ninyi. Tutawalea, wakikua mtawauza huko Lemara, tugawane nusu kwa nusu. Na wanaofuata vivyo hivyo, mkituletea wateja. Mnakubali?"

Godlisten akafungua mdomo. Nikamkanyaga, nikasema tunakubali. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwagawia umiliki kidogo kidogo, asilimia kwa asilimia, na wao wameuchukua wote kwa saa moja, na hata semina ya Godlisten haikuwa na neno la kuliita jambo hilo.

Saa kumi, kurudi. Mama yake Naserian alitupa jogoo mwekundu. "Mgeni haondoki mikono mitupu," akasema. Baba Jose hakuwa na mafuta, wala hakuwa na mdomo wa kutudai, kwa hiyo tulisimama Ngaramtoni tukauza ndizi zake mpaka kirikuu ikapata cha kunywa. Yule mama wa vitunguu akanunua kichane kimoja. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia amejifungua watoto arobaini na mmoja. Akasema poleni.

Jumatano jioni, kikaoni Lemara. Nilieleza yote bila kuruka kitu. Mashine iko wapi? Imeuzwa. Kanunua nani? Kina Naserian wenyewe. Fedha? Kanisani. Sasa sisi tuna nini? Godlisten akamweka jogoo juu ya meza. Jogoo akatutazama, akachafua daftari la mahudhurio.

Nilichojifunza nilikisema hapo hapo, na nakirudia hapa: tulikwenda kutafuta watu wa kuwapa, tukawakuta watu wanaojua kununua. Mtu hulinda alichokitolea beberu wake. Nilipomaliza nikasogeza kiti, nikajiandaa kupiga magoti, nikianza na Happy kwa kuwa ndiye niliyemwogopa zaidi.

Happy akainuka. Akatoa noti kwenye mkoba, akaiweka kando ya jogoo.

"Namnunua," akasema. Akamshika, akamwinua juu, akamrudisha mezani. "Na namrudisha. Nani anaongeza?"

Jioni ile jogoo aliuzwa mara kumi na moja. Yuko hai mpaka leo, anaitwa Mtaji, haruhusiwi kuliwa, na kila kikao anauzwa upya. Mashine ya pili tumeshaanza kuichangia, ila safari hii wenye kuku ndio watakaotangulia kutoa, sisi tutaongezea.

Magoti nilipiga hata hivyo, kwa hiari yangu. Happy aliniinua, akaingiza mkono kwenye mkoba, akanivika ile kofia ya pili.