Nilibadili ugali nikasahau dozi: sukari iliniangusha katikati ya rozari

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi ya kuyasimulia haya, nami nitayasema yalivyokuwa.

Mimi ni katekista mstaafu, nyumbani Mbuji, huku Mbinga. Nina kisukari kwa miaka mingi na natumia insulini.

Mwaka jana muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba tumboni mna bakteria wema, na chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Wakilishwa vizuri, wanausaidia mwili kuimudu sukari. Akashauri niache sembe, nile dona isiyokobolewa, maharage na mboga za majani, nianze kidogo kidogo.

Kwetu mahindi hukobolewa, pumba ni za nguruwe. Mama watoto akaniuliza, "Baba, sasa unagombania chakula na nguruwe?" Tukacheka, lakini akapika.

Mwanzoni tumbo lilijaa gesi hadi nikahamia benchi la nyuma kanisani. Nikavumilia. Taratibu vipimo vya asubuhi vikaanza kushuka.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimshukuru Mungu, ila sikurudi kliniki kutoa taarifa. Nikaendelea kujichoma dozi ileile ya zamani.

Tukateremka ziwani, Chiwanda, kumaliza matanga ya shemeji yangu. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyefiwa, na mumewe aliondoka kwa kisukari hikihiki.

Chakula kilikuwa karibu kuiva, nikajichoma. Kabla ya kunawa, wafiwa wakaniomba niongoze sala. Nilidhani ni fupi. Wakataka rozari nzima.

Nikaona aibu kusema nina njaa mbele ya msiba.

Fungu la tatu, jasho likanitoka. Mikono ikatetemeka, rozari ikaanguka. Salamu Maria niliyoisali tangu utotoni ikanipotea.

Mke wangu akakimbilia jikoni kuomba sukari. Mdogo wangu akasimama mlangoni, kopo la sukari kifuani.

"Wifi, ugonjwa huu umenichukulia mume. Kaka yangu simpi sukari."

"Yake imeshuka, wifi, haijapanda. Nipe, au kesho tunachimba kaburi lingine."

Nawasikia wote wawili. Ulimi hauinuki.

Mdogo wangu akanitazama mikono kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko rozari yote. Kisha akakoroga mwenyewe sukari kwenye maji, huku analia, akaninywesha. Namshukuru Mungu, bado niliweza kumeza.

Baada ya kitambo nikaona nyuso vizuri. Nikapewa ugali, nikala, ndipo tukamalizia mafungu yaliyobaki.

Kliniki wakapunguza dozi. Dona sijaiacha.

Nilichojifunza: ukibadili chakula, mwambie anayekupa dawa. Usijichome kabla hujaiona sahani. Na ndugu zako wafundishe kwamba sukari ikishuka inaua upesi.

Wenzangu mnaoishi na ugonjwa huu, misibani mnafanyaje? Karibuni mnifundishe.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na wa nyumbani mwako, na akupe mtu wa kukukorogea maji siku ulimi utakapokuwa mzito. Amina.