Kukonda Mbele ya Majirani

Daktari hakunificha. Alinipima presha mkononi, akasoma, akapima tena kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Kisha akaniuliza mama yangu alikufa na nini. Nikamwambia alianguka jikoni, kwetu upande wa Kenya, mwiko ungali mkononi, akapooza upande mmoja. Alilala miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji na kumgeuza.

"Basi unajua njia hiyo inakwenda wapi," daktari akasema.

Nilikuwa na kilo mia moja na sita. Alitaka nishuke mpaka themanini, polepole, bila haraka, hata kama itachukua miaka miwili.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, mume wangu kando yangu, na nikisema nililia kwa ajili ya presha nitakuwa nadanganya. Nilikuwa naupenda mwili wangu. Kampala ya miaka ile, vita vimekwisha, watu wameanza kushiba tena, mwanamke mnene alikuwa anaheshimiwa. Nilikuwa napika chakula cha kuuza Wandegeya, wanafunzi wa chuo wakija na njaa zao, na walikuwa wakisema kwamba mpishi mwembamba haamini chakula chake. Nilipata wateja kwa kuonekana tu.

Nilianza siku hiyohiyo. Nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikaandika juu: Kupungua. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute humo maneno makubwa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Leo ugali wa posho nusu. Mboga nyingi. Nimetembea mpaka juu msikitini Kibuli na kurudi. Magoti yanalia." Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za polisi upande huo, kwa sababu mume wangu alikuwa askari, mtu wa kaskazini. Mimi kwetu ni kwingine na yeye kwao ni kwingine, na nyumba yetu ilisimama kwa Kiswahili.

Kilo kumi za kwanza zilishuka vizuri. Shida ilianza pale watu walipoziona.

Kwa ambaye hakuwa Kampala siku zile nieleze kidogo. Ukimwi ulikuwa umeingia kila nyumba, na watu waliuita silimu, kwa kuwa ulimkausha mtu. Hakuna aliyekonda kwa kupenda. Mtu akikonda, watu walianza kuhesabu: mume wake alikuwa wapi, yeye mwenyewe alikuwa wapi, watoto wataachiwa nani. Bombani wanawake walikuwa wakinyamaza nikifika na ndoo yangu. Mmoja mwenye mdomo alisema, "Mkenya, siku hizi umebaki shingo na sauti." Wengine wakacheka. Mwingine akasema, "Mwache bambi, maskini," kwa ile huruma ambayo inauma kuliko kicheko.

Sitaki kuwasema vibaya. Mimi mwenyewe niliwahi kumtazama mtu hivyo. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu alifiwa na mume wake, naye askari aliyekonda vilevile, miaka miwili kabla ya hapo. Nilipeleka kuni matangani, nikakaa, nikaimba, lakini sikula. Na siku moja alipokuja kwangu akanywa chai, kikombe chake nilikiosha mara mbili. Niliyafanya hayo. Kwa hiyo yaliponifika mimi, sikuwa na mahali pa kulalamikia.

Kwenye tisini na moja kilo zikagoma. Miezi minne mizani haikusogea. Kila Jumamosi nilipanda mizani ya mzee mmoja aliyekaa nayo kando ya barabara Wandegeya, akipima wapita njia, na kila Jumamosi ilikuwa tisini na moja. Nilijishuku mwenyewe. Daftari linasema: "Labda ninakula bila kujijua. Labda ni kuonja." Nikaacha hata kuonja mchuzi wa biashara, mpaka mwanafunzi mmoja akarudisha sahani akisema, "Mama, leo umepika na maji ya bahari?" Bado mizani ikakataa. Nikaanza kuamini kwamba kuna watu waliokusudiwa kuanguka na mwiko mkononi, na mimi ni mmoja wao.

Jumapili moja ibada ilikatika mapema kwa sababu ya mvua. Nilifika nyumbani nikamkuta mume wangu jikoni. Siku za mapumziko yeye ndiye aliyepika, na alikuwa hodari kwa mboga za kwao. Alikuwa ameinamia sufuria yangu ndogo, ile ya mboga zangu bila mafuta, anakoroga kitu kizito kutoka kwenye kopo. Harufu niliijua. Ni ile siagi ya ufuta na karanga ambayo kwao wanaiita odii. Kijiko kimoja kinashibisha mtoto.

"Afande," nikamwambia, "hiyo ni nini?"

Akasimama wima kama kuruta. "Ni odii kidogo."

"Kidogo ya kijiko au kidogo ya kopo?"

Akafunika kopo.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Nikaanza kucheka. Miezi minne nimelala njaa, nimejitukana ndani ya daftari, kumbe adui yangu anapika kwa upendo! Nilicheka mpaka nikashika mlango. Halafu nikamwona, hacheki.

"Mama, wewe unaisha," akasema. "Kila siku mimi naona unaisha."

"Ninapunguza! Daktari alisema na wewe ulikuwepo."

"Daktari alisema, ndiyo. Lakini daktari hajui mimi nilikaa kule Gulu kazini miaka mingapi peke yangu." Akaweka kopo chini. "Kama ni mimi nimeleta hii kitu ndani ya nyumba, basi wacha nikulishe. Nitafanya nini ingine?"

Hakusema zaidi, nami siku ile sikuuliza. Baadaye niliuliza, naye akajibu, lakini majibu yake sitayaandika, kwa kuwa si yangu peke yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mrefu vile, mwenye bunduki ya serikali, alikaa kwenye kigoda cha jikoni akashika pindo la nguo yangu kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

Tulikwenda kupima damu pamoja. Siku zile majibu yalikaa wiki mbili. Hizo wiki mbili hakuna kitu kwenye daftari, hata kilo. Alipika mboga zangu bila odii, akaniwekea sahani mbele, akaniangalia nikila. Majibu yalipotoka tulikuwa salama, wote wawili. Tulikaa kwenye benchi nje, hakuna aliyesimama, kama watu waliosahau nyumba yao iko wapi.

Nilitaka kwenda na ile karatasi ya majibu bombani. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Nitaiweka juu ya ndoo, niseme: haya, mwenye macho asome, shingo na sauti bado zipo.

Asubuhi yake nilikuwa naanika nguo, karatasi iko kifuani mwangu, yule jirani mjane akaja. Akashika upande wa pili wa shuka, tukaikamua pamoja. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkenya, nataka kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Wewe unakunywa dawa gani?"

"Dawa ya nini?"

"Usinifiche. Sisi wengine tunakonda na nguvu inakwisha. Wewe unakonda, halafu unapanda mlima asubuhi kama askari. Nilipima baada ya mzee wangu kufa. Sijaambia mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu tuko sawa."

Karatasi ilikuwa kifuani. Ilikuwa ni kuitoa tu. Nikafikiria kile kikombe nilichoosha mara mbili.

"Sinywi dawa," nikasema. "Ni kutembea tu. Asubuhi."

Ilikuwa kweli, lakini kweli yenyewe ilikuwa imekatwa nusu.

"Basi kesho nitakuja," akasema.

Na akaja. Alfajiri alinigongea dirisha. Kesho yake tena. Nami niseme hapa kile ambacho sikumwambia mtu: nilikuwa nimechoka. Baada ya ile miezi minne, moyo wa kupunguza ulikuwa umekwisha. Kama si yeye kugonga nisingeamka. Daktari alinitisha, hofu ikanisukuma kilo kumi na tano. Vidole vya yule mwanamke kwenye dirisha ndivyo vilivyonitoa kitandani baada ya hapo.

Tulipanda kwa mwendo wake. Alisema matembezi yanamletea njaa, na njaa ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Mume wangu akampa lile kopo la odii, na likiisha akamletea jingine. Jumamosi tulikwenda wote kwa yule mzee wa mizani. Mimi nikishuka kilo napiga kofi, yeye akipanda kilo napiga kofi tena. Mzee alituangalia wiki nyingi, mwisho akauliza, "Nyinyi wamama, nyama mnapeana njiani?" Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Nilifika themanini na sita. Kadiri kilo zilivyoshuka, ile nusu ya kweli ilizidi kunilemea. Asubuhi moja, tumekaa juu karibu na msikiti tukipumzika, nikamwambia yote. Presha, mama yangu, daktari, karatasi.

Alifunga kitenge chake upya. Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi yote ulikuwa unanihurumia."

"Hapana. Nilikuwa nakutegemea."

Akainuka, akashuka mlima peke yake.

Hakugonga kesho yake, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Mimi nami sikutoka. Daftari la siku zile linaniaibisha: "Chapati nne." "Maandazi, sikuhesabu." "Kichwa kinauma nyuma, kama mama alivyokuwa anasema." Nilijua vizuri nilikokuwa naelekea, na bado nilikaa. Nilijiambia kwamba kumgongea ni kumsumbua. Nadhani ilikuwa woga tu.

Mume wangu alivumilia wiki tatu. Asubuhi moja akivaa viatu vya kazi, akasema bila kuinua kichwa, "Mlango wake uko hatua saba. Nimehesabu. Wewe unapanda ule mlima wote, lakini hatua saba imekushinda."

Alipoondoka nikavuka. Nikagonga. Alichelewa kufungua, na alipofungua niliona mifupa ya mabega yake chini ya kitenge. Naye alinitazama kuanzia juu mpaka chini, bila haraka.

"Umenenepa," akasema.

"Nimenenepa."

"Kilo ngapi?"

"Sijui. Naogopa kupima."

"Mimi pia naogopa." Akashika mlango, nikafikiri anaufunga. "Ungeniambia siku ile ya shuka."

"Ndiyo. Ningekuambia."

"Ningekasirika lakini ningekuja tu. Wewe unafikiri nilikuwa nakuja kwa sababu ya damu yako?" Akatazama nje, jua lilikuwa limeshapanda paa. "Na umechelewa. Ngoja nivae viatu."

Siku hiyo tulifika nusu ya mlima tu. Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro, yeye amechoka kwa sababu zake na mimi kwa zangu, tukiangalia boda boda zinashuka na watoto wa shule wamebanana nyuma. Alipopata pumzi alinipiga kiwiko. Akasema nikipumzika zaidi nitaongeza kilo nyingine, nisimame.