Mwadi na Neno Linalovaa Koti

Mwadi alifundisha Kiingereza Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, miaka mingi, na neno lililomsumbua kuliko yote lilikuwa "commence", yaani kuanza. Wanafunzi wake walilizoea kwa Kifaransa tangu utotoni, basi kwenye Kiingereza wakalimwaga kama chumvi: mama ali-commence kupika bukari, ule ugali wao, mbwa ali-commence kubweka. Mwadi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Batoto, bukari tunaanza tu," aliwaambia. "Hii neno inavaa koti. Ni ya misa, ni ya tribinali, ni ya kazi yenye mukubwa anasimama mbele ya bantu na kusema: sasa!"

Mwanamke huyo alijiamini, wala hakuona haya. Baba yake alitoka jimbo la Kasai akaja kuchimba shaba kwenye mgodi wa Mutoshi. Yeye alizaliwa Kolwezi na hakujua kwingine. Lakini mwaka 1993, kampuni ya migodi iko hoi na ajira zimekwisha, watu wa asili ya Kasai waliambiwa na wenyeji wafungashe warudi kwao. Mwadi akajikuta kwenye gare, kituo cha treni, pamoja na umati wa wenzake, wakilala kwenye vibanda vya shuka na viroba na kungoja treni ya Kasai isiyofika.

Watoto wakawa wa kuzurura. Mwadi angevumilia njaa, lakini si hilo. Akamwendea Tata Badibanga, aliyekuwa prefe, mkuu wa shule yao, na ambaye sasa alilala jirani yake juu ya magunia.

"Tata Prefe, tufungule masomo hapa."

"Anza tu, Mama Mwadi, kidogo-kidogo. Lakini mi sitafungula kitu. Masomo yetu iko kule mu mji. Tutarudia kule."

Akaanza tu, na ikawa kama alivyohofia. Huyu aliitwa kuchota maji, yule alisikia lori akakimbia kulitazama. Kitu kisichofunguliwa rasmi nani atakiheshimu? Kolwezi hata bomba la maji halikutoa tone kabla ya hotuba na utepe! Kila jioni alimrudia mzee: "Tata, kuya useme ile neno." Kila jioni mzee alitikisa kichwa, na Mwadi akaondoka akinung'unika kwamba ukaidi huo hauna dawa.

Siku moja Asia, mama wa Kiislamu aliyewauzia unga kutoka mjini, akaja na habari.

"Tata Badibanga, ile masomo yenu ya mu mji balishaifungula leo. Iko na prefe mupya. Batoto balipanga mustari, baliimba."

Asubuhi yake Badibanga akatokea amevaa koti na tai, amenyoa ndevu. Akawapanga watoto mistari, akanyoosha mgongo, akatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti yake ya zamani, kwamba mwaka wa masomo ume-commence. Safari hii neno lilikaa mahali pake barabara. Watoto wakapiga makofi, na hakuna aliyeondoka.

Mwadi alikuwa ameshinda. Ndipo alipoelewa mzee alikuwa akikataa nini siku zote zile: kufungua shule hapa ni kukiri kwamba ile ya mjini hawatairudia tena. Hata hivyo aligeukia bati walilolifanya ubao. Kama kila mwalimu wa huko, akaandika kwanza mahali walipo, kwa herufi kubwa za kusomeka hadi mstari wa nyuma: Gare ya Kolwezi.