Mama Mkwe na Akidi

Harrison Tohannie ni mfumaji wa mazulia katika ardhi ya Wanavajo, Arizona. Watalii hupigania kazi ya mikono yake, lakini mbele ya sheria ya taifa lake yeye ni mgeni aliyekaribishwa akasahau kuondoka. Yeye na mwanamume mwenzake, Virgil Manygoats, walifunga ndoa mjini Flagstaff mara tu jimbo liliporuhusu. Wakivuka mpaka kurudi kwao, ndoa inabaki barabarani, kwa maana mwaka 2005 baraza la Wanavajo lilipiga marufuku ndoa ya namna hiyo. Kiwanja chao kimeandikwa jina la Virgil peke yake, na figo za Virgil zimechoka. Akitangulia yeye, Harrison hana pa kuegemeza hata kitanda chake cha kufumia.

Ndipo wakapeleka hoja kwenye mkutano wa wenyeji: baraza huko Window Rock liombwe kuifuta sheria ile. Mara mbili ilikwama kwa kukosa akidi. Safari hii Virgil alipika supu ya kondoo, tumbo liwalete wale ambao haki haiwaleti.

Walikuja. Mzee Emerson alichungulia jikoni, ambako Harrison alikuwa akikaanga mikate.

"Mjukuu, mkate wako mtamu. Ila mambo yenu ni ya wazungu."

"Babu, zamani si tulikuwa na nádleeh, mwanamume mwenye roho ya kike, na aliheshimiwa? Ya wazungu ni hiyo sheria."

Mzee alicheka, akaomba mkate mwingine.

Katibu alihesabu watu: akidi imetimia, bila hata mmoja wa ziada. Harrison, ambaye kura yake iko kwao alikozaliwa na hivyo hahesabiwi hapa, aliitwa ukumbini aitetee hoja. Kabla hajafungua kinywa, Bi Lucinda, mama yake Virgil, alijifunika uso kwa shali, akainuka, akatoka.

Miaka yote alimtazama Harrison usoni, kama anavyomtazama muuza kuni. Sasa alikwepa, kama desturi ya Wanavajo inavyomtaka mama mkwe: yeye na mume wa mwanawe wasionane.

Katibu akatangaza kwamba akidi imevunjika.

Virgil alimkimbilia mama yake nje. "Mama, rudi. Umebaki wewe tu."

"Nikakae chumba kimoja na mkwe wangu? Ulilelewa wapi wewe?"

Harrison alipoambiwa, alitoka kwa mlango wa nyuma ili bibi apite wa mbele. Bi Lucinda alirudi, akakaa. Lakini Emerson alikuwa ameshajaza kopo lake supu, akaenda zake. Hoja ikaahirishwa tena.

Garini, Virgil alirudia maneno ya mama yake huku machozi yakimlengalenga. Hakuwahi kuyatarajia. Harrison alitaka kufurahi, hasira ikamtangulia.

"Basi kawaambie Window Rock," alisema, akiwasha gari. "Waambie mamako ameshapitisha, wamebaki wao."