Kibandiko cha Mashine ya Dripu

Katika karakana ile ya vifaa vya hospitali, fundi wa programu alikuwa mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Shangazi, kwa kuwa hakuna aliyesalimika na ulimi wake. Miaka tisa nyuma aliandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu inayoendesha mashine za dripu. Aliipenda lugha hiyo kwa sababu haimdekezi mtu: ukiuomba mfumo endeshi nafasi ya memori, unapewa bila maswali, lakini kuirudisha ni juu yako.

Asubuhi moja muuguzi aliingia amekumbatia mashine iliyoganda.

"Shangazi, mwanao huyu kagoma. Huwa tunamzima na kumwasha kila asubuhi, anatulia. Jana tulikuwa wawili wodi nzima, tukasahau. Akagoma dawa ikiwa nusu."

"Na mgonjwa?"

"Mzima. Nilipita kwa bahati tu."

"Mnazima tangu lini?"

"Niliyakuta hivyo. Tulidhani ndivyo ilivyoundwa."

Shangazi alipitia programu mstari kwa mstari hadi adhuhuri. Kila kengele ya tahadhari ilipolia, programu ilichukua kipande cha memori na haikukirudisha, hadi memori ikaisha na mashine ikaganda. Mashine ilipozimwa, mfumo ulianza upya, na kasoro ikajificha. Sehemu hiyo aliiandika kwa mkono wake. Uso ulimshuka.

Meneja wa karakana, alipoelezwa, alikuwa na jibu tayari. "Tubandike karatasi: 'Zima na uwashe kila asubuhi.' Wewe utie sahihi. Mashine mia mbili zikirudi hapa, nyuso tutaziweka wapi?"

"Kwa hiyo muuguzi ndiye abebe uzembe wangu?"

"Ni kasoro ndogo, Shangazi."

"Ndogo kwako uliyeketi, au kwa aliyelala na sindano mkononi?"

Meneja alikohoa. "Jina lako litachafuka."

"Lichafuke. Ni langu, sijaliazima."

Ndiyo aibu ya kazi nyingi za ufundi: kosa la mtengenezaji hutwishwa mtumiaji, kisha likaitwa maelekezo. Shangazi alivuta fomu ya taarifa ya kasoro na, penye chanzo cha kasoro, akaandika na kutia sahihi: "Kosa ni langu. Mashine zote zirudishwe." Akaongeza kwenye programu mstari mmoja uliokosekana, wa kuirudisha memori, kisha akailiza kengele ya ile mashine mara elfu moja. Memori haikupungua hata chembe.

Meneja aliisoma ile sahihi, akainua simu.

"Nianze na wodi gani?"

"Ya watoto."